Kabla ya Kubonyeza Ndiyo

Zviadi amekuja na flashi mfukoni, theluji mabegani.
"Shangazi Lamara, dakika arobaini tu.
Toleo jipya likiingia, mashine yako itakimbia."
Ikimbilie wapi? nikamuuliza.
Hapa Mestia, mwezi wa pili,
hata barabara haiendi popote.

Ndani ya kompyuta hii mna miaka kumi na tisa ya theluji.
Kila alfajiri natoka na kijiti cha kupimia,
nasoma sentimita, narudi, naandika:
imeanguka kiasi gani, imelala vipi,
mteremko upi uliguna usiku.
Wahandisi hunipigia simu kabla ya kufungua njia.
Na umeme wetu hukatika bila hodi.
Kwa hiyo hapana. Keti, kunywa chai.
Habonyezi mtu Ndiyo
mpaka nyumba ipangwe.

Tukaanza. Aibu iliyoje!
"Theluji mwisho."
"Theluji mwisho kweli."
"Theluji mwisho hii sasa usiguse."
"Folda Mpya," na ndani yake "Folda Mpya,"
na ndani zaidi, kama kitunguu kilichokosa kiini,
"Folda Mpya," tupu.
Zviadi alicheka mpaka chai ikamtoka puani.
Nami nikacheka, kisha nikanyamaza,
maana ndani ya "Mbalimbali 3",
kati ya risiti ya kuni na picha ya paka asiye wetu,
palikuwa na jedwali la Januari ile,
alilolijaza Geno kabla kijiti hakijawa changu:
tahajia yake mbovu,
nukta zake mbilimbili kila mwisho wa sentensi,
siku kumi na moja,
halafu weupe hadi chini.

Sikumweleza kijana maana ya weupe ule.
Ni baba yake.

Tukapanga upya. Mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku,
faili zikajipanga zenyewe kama watoto wa shule.
Nakala moja kwenye flashi niliyoipaka rangi ya kucha,
nyekundu, isichanganywe na zile za muziki wake.
Ya pili dukani kwa Makvala, kule bondeni,
kwa sababu nyumba moja ikifukiwa
haifai nakala zote ziwe chini ya paa lake.
Ya tatu tukamtumia dada yangu Tsiala, Batumi,
ambako theluji ni kitu cha kwenye kadi.
Na programu ya zamani pia, nikasema, iweke.
"Shangazi, hiyo ni takataka."
Iweke.

Alitaka kuondoka hapo. Nikamzuia.
Nakala usiyoifungua ni uvumi.
Fungua.
Akafungua moja, akasogea chini mstari kwa mstari,
polepole kuliko kazi ilivyodai.

Saa tano usiku tukabonyeza.
Asilimia kumi. Thelathini. Sabini na moja,
na taa zikazimika, Mestia nzima.
Hatukusema kitu. Nilisikia jiko likitafuna gogo.
Ningekuwa sijapanga, ningelia.
Badala yake nililala, kwa kweli nililala,
na koti mwilini, flashi nyekundu kwenye soksi.

Umeme uliporudi mashine ikaanza upya, ikamaliza,
ikatusalimu "Karibu!"
kama mhudumu wa hoteli asiyetujua.
Theluji yangu yote ilikuwepo.
Ila jedwali la Geno ilikataa:
aina hii ya faili haitambuliki.
Zviadi hakunitazama. Alichomeka ile takataka,
programu ya zamani, nzito kama ng'ombe anayeamka,
na kaka yangu akafunguka, siku zote kumi na moja.

Asubuhi kijiti alikishika yeye.
Sentimita sitini na nne.
Akaandika mwenyewe, mwaka kwanza,
"Imelala vibaya upande wa mashariki"
na mwishoni akaweka nukta mbili.

Mimi ni mkali wa tahajia.
Sikuifuta.